Mwavuli wa Obdulia na Maji ya Bamvua

Yuko mpangaji mmoja hana godoro wala kikombe, kodi halipi, na mwenye nyumba anapopanda kitandani yeye ndiyo kwanza anaketi kula. Wa kutegua asijisumbue: ni wivu. Kiangazi kile mpangaji huyo alihamia kwa Obdulia, ghorofa ya pili, nyuma ya soko la samaki pale Cádiz, na Obdulia mwenyewe hakujua amempokea siku gani.

Obdulia alikuwa na miaka sitini na minane. Hakuolewa. Alishona sare za wanamaji miaka thelathini na tisa mpaka vidole vikapinda, akastaafu, na kitu alichobaki nacho cha kujivunia mbele ya watu kilikuwa mwavuli. Mwavuli wa ufukweni, mkubwa, wa mistari ya kijani na nyeupe. Kila siku ya kiangazi, saa mbili asubuhi, alishuka nao ufuoni akausimika, akapanga viti viwili chini yake, chake na cha Nieves, kisha akarudi nyumbani kunywa kahawa. Kwa desturi ya pale mwavuli uliosimikwa ni sawa na mtu aliyeketi. Hakuna wa kuugusa wala kuusogeza ila aliyeusimika, hata akikawia mpaka adhuhuri.

Na Obdulia hakusimika ovyo. Jikoni kwake, kwenye msumari kando ya dirisha, kilining'inia kijitabu cha maji, kile kinachotaja saa za kujaa na kupwa kwa kila siku ya mwaka. Siku za maji mafu alisogea mbele karibu na mawimbi. Siku za bamvua alirudi nyuma kabisa, chini ya ukuta, maana bamvua la pale halina adabu: asubuhi bahari iko mbali unaweza kucheza mpira, alasiri imefika ukutani. Kwa miaka thelathini na moja Nieves hakulowa hata kidole bila kutaka mwenyewe.

Huyo Nieves alikuwa jirani wa mlango unaotazamana na wake, mjane wa Eladio, seremala wa bandarini. Mwanamke mnene, mpole, mwenye mkono wa kupika. Walikuwa wamegawana kazi bila kuandikiana: Obdulia kivuli, Nieves chakula. Kimanda cha viazi kinene kama mto, nyama iliyovingirishwa kwenye chenga za mkate, pilipili tamu za kukaanga, supu baridi ya nyanya kwenye chupa ya chai. Tikiti lilizikwa kwenye mchanga wenye maji tangu saa sita lipate ubaridi, na likipasuliwa Nieves alichokoa kile kipande cha katikati kisicho na mbegu, akamnyooshea Obdulia kwa ncha ya kisu. Hawakuwahi kuambiana kwa nini. Ndivyo ilivyokuwa tu, na Obdulia alikuwa akikila polepole, akitazama bahari, kama mtu anayesoma barua.

Mwezi wa sita akaja Leonor.

Leonor alikuwa wifi yake Nieves, mke wa kaka yake marehemu. Alizaliwa mtaa uleule, akachukuliwa na mume kwenda Barcelona kwenye viwanda, akakaa huko miaka thelathini na minane. Mume alipofariki alirudi na masanduku manne na mdomo usiochoka, akapanga chumba nyuma ya kanisa. Alikuwa mwembamba, nywele amezipaka rangi ya karoti, na kiti chake cha kukunja kilikuwa na tundu la kuwekea bilauri. Obdulia alikitazama kiti kile siku ya kwanza akaona kwamba kina dharau.

Siku hiyohiyo Leonor alimchekesha Nieves. Tangu Eladio afe, Nieves alikuwa akicheka amefumba mdomo, kama anayeona haya mbele ya marehemu. Leonor alisimulia habari ya mwenye nyumba wake wa zamani na kasuku wake, na Nieves akacheka meno yote nje, akashika mkono wa kiti, machozi yakamtoka, akasema basi wifi, basi, utaniua. Obdulia naye alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyevaa viatu vya mwenziwe. Ndani alikuwa akijiuliza: mimi nimekaa naye miaka saba tangu msiba, nimemletea mchuzi, nimemshika mkono, nimemsikiliza. Kumchekesha hivi sikuweza. Huyu ameweza kwa kasuku.

Kuanzia hapo kila kitu kikawa na mwiba. Leonor akileta karatasi ya kamba wadogo waliochemshwa, Obdulia aliona anajionyesha. Asipoleta kitu, aliona anakula vya watu. Nieves akisema "wifi, sogea kivulini," Obdulia alikumbuka kwamba kivuli ni cha mwavuli wake. Neno hilo wifi lenyewe lilimchoma, kwa sababu yeye hakuwa na neno. Yeye alikuwa jirani. Jirani anapatikana kwa kupanga nyumba. Wifi ni damu na ndoa.

Jumapili moja ya mwezi wa saba tikiti lilipasuliwa, na kisu cha Nieves kikachokoa kipande cha katikati, kikampita Obdulia, kikaenda kwa Leonor.

"Mgeni kwanza," Nieves akasema, wala hakuwa na neno baya moyoni.

Leonor akakitafuna mara mbili akakimeza huku anaongea. Hakujua amekula nini. Obdulia alisema ameshiba, akaenda kusimama majini mpaka magotini, akakaa huko muda mrefu kama mtu aliyedondosha pete.

Lakini kilichomnyima usingizi hasa kilikuwa tarehe tano ya mwezi wa nane. Hiyo ndiyo siku ya somo wake Nieves, mtakatifu mwenye jina lake, na kwa watu wa pale siku ya somo ni kubwa kuliko ya kuzaliwa. Kila mwaka siku hiyo Nieves na Obdulia walivaa nguo nzuri, wakapanda boti, wakavuka ghuba hadi Puerto, wakala kamba wakubwa na kaa kwenye karatasi, wakanywa mvinyo mweupe wa baridi, wakarudi jua likiwa bado juu, wameshikana mikono kwa sababu ya mvinyo. Wawili tu. Hata Eladio alipokuwa hai hakualikwa. Alikuwa akiwapungia mkono gatini na kwenda zake kucheza domino.

Sasa Nieves akatangaza, huku anafuta kisu, kwamba mwaka huu watavuka watatu.

Mtu mwingine angesema watatu ni wengi, raha itazidi. Obdulia alifikiria viti. Viti vya boti ile ni viwili viwili, katikati kuna njia ya kupita. Aliona waziwazi, kama picha ya ukutani, wale wawili wamekaa pamoja, vichwa vimeegemeana, na yeye ng'ambo ya njia, karibu na mtu asiyemjua anayekula karanga. Alihisi kwamba akishakaa kwenye kiti kile mara moja, hatatoka tena. Mtu aliyekuwa naye duniani alikuwa mmoja, na anaondoka mbele ya macho yake, tena anaondoka akicheka.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba, jioni, jua bado kali, wanawake wa ufukweni walikusanya viti duara kucheza bingo kama kawaida. Mwita namba alikuwa Casilda, muuza maua, mwenye sauti ya kuamsha jengo zima. Katikati ya mchezo huwa wanapumzika, wanatafuna mbegu za alizeti, wanategeana vitendawili. Zamani bingwa wa vitendawili alikuwa Obdulia. Kiangazi hicho Leonor alitegua vitatu kila Obdulia alipotegua kimoja.

Jioni ile Leonor, kwa nia njema kabisa, akamwambia, "Dada Obdulia, nimekuona ukipanda ngazi leo, goti limekukataa. Kesho lala. Mwavuli nitausimika mimi."

Obdulia akasema hapana, goti lake ni zima.

"Mwache naye afanye kazi," Nieves akasema. "Hata meza ya Eladio aichukue, na deli la chakula. Mimi kesho nina misa, nitafurahi kutobeba."

Kwa maneno hayo mawili matatu, Obdulia akavuliwa mwavuli. Hakuna aliyeona. Kwao ilikuwa hisani. Kwake ilikuwa kama kunyang'anywa sindano na uzi kiwandani na kuambiwa kaa pembeni, bibi. Alitafuna mbegu tano za alizeti. Kisha akakumbuka kijitabu cha msumarini. Kesho ni mwezi mchanga. Kesho ni bamvua, tena bamvua kubwa la mwisho wa mwezi wa saba ambalo likija kila mtu pale anarudi ukutani bila kuulizana. Na Leonor ametoka kwenye bahari nyingine kabisa, bahari ya Barcelona, isiyojaa wala kupwa zaidi ya kiganja. Miaka thelathini na minane ameishi kando ya maji yanayolala palepale, mpaka ya kwao ameyasahau.

Neno lilimfika Obdulia mdomoni. Alilisikia likigonga meno: kesho simika ukutani. Badala ya kulisema, akafungua midomo kwa kitu kingine.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," wakajibu.

"Mgeni wangu huja mara mbili kwa siku. Habishi hodi. Akiondoka, shuka zimelowa."

Casilda na wenzake walikuwa wakitabasamu, kwa maana hata watoto wa pale wanakijua. Lakini walimwachia Leonor, kwa adabu, kwa kuwa ndiye aliyetazamwa. Leonor akafikiri kidogo, akasema, "Huyo ni marehemu mume wangu, uzeeni." Duara zima likaanguka kwa kicheko. Nieves alimpiga wifi yake begani kwa kandambili. Casilda akaita namba inayofuata, na jibu halikutajwa.

Obdulia akarudi nyumbani akijiambia: nimemwambia. Mbele ya watu kumi na wawili, nimemwambia.

Asubuhi ya Jumapili bahari ilikuwa mbali kweli. Ufuo ulikuwa mpana, mchanga wa mbele laini na mgumu kama sakafu iliyopigwa deki. Leonor, mwenye furaha ya kupewa kazi, aliona watu wote wamebanana nyuma chini ya ukuta akafikiri ni wavivu wa kutembea. Akaenda mbele kabisa, akausimika mwavuli, akafungua viti vitatu, akatandika kitambaa juu ya meza ya Eladio, akaliweka deli chini yake, limejaa kimanda, nyama, bia na barafu. Ile meza Eladio aliiunda mwenyewe kwa mbao za masanduku ya chai, miguu ya kukunja, pembeni amechonga herufi mbili, ya jina lake na ya mkewe. Kisha Leonor akaenda kumpitia Nieves kwa misa ya saa tano.

Obdulia alisema goti linauma, hatakwenda misa. Saa tano na nusu alikuwa ameketi juu ya ukuta wa mawe, miguu inaning'inia, anatazama.

Maji yalianza kurudi taratibu, yakijifanya hayana safari. Saa sita yakagusa miguu ya viti. Casilda, aliyekuwa chini ya ukuta na familia yake, akainua kichwa.

"Obdulia, we mama, mwavuli wenu unakwenda kuoga."

"Mwenyewe anakuja," Obdulia akajibu.

"Mwenyewe si wewe?"

"Leo si mimi."

Casilda akamtazama mara mbili. Mwavuli wa mtu hauguswi, na mwenyewe yuko palepale ukutani ametulia. Labda ana sababu zake. Akarudi kukaanga uso kwenye jua.

Ukweli ni kwamba Obdulia hakutaka mabaya makubwa. Alichotaka ni kidogo tu: viti vilowe, Leonor arudi akute watu wanacheka, Nieves aseme, ah, kumbe mwavuli una mwenyewe. Alikuwa ameshaitengeneza sura ya unyenyekevu atakayovaa. Lakini misa iliisha, na baada ya misa wale mawifi wawili walipita baa moja kunywa kinywaji kichungu cha kuamsha hamu ya chakula, na baharini hakuna anayesubiri mtu amalize bilauri. Wimbi moja likainua deli, likaondoka nalo kama mama na mtoto. Jingine likauangusha mwavuli. Obdulia aliruka kutoka ukutani alipoona meza inakwenda kwenye mawe. Alikimbia, goti zima, sketi imepandishwa, akaingia hadi kiunoni, vijana wawili wakamfuata. Viti vikaokolewa. Meza walipoifikia ilikuwa imeshapigwa mweleka mara tatu kwenye jabali. Mguu mmoja haukuonekana tena, na ubao wa pembeni umepasuka katikati ya herufi mbili.

Nieves na Leonor walifika saa saba na nusu wamejifunika vitambaa vya misa, mashavu mekundu. Vimanda vitatu vilikuwa vinaelea kama miezi mitatu, shakwe wamevizunguka.

Ufuo mzima ulicheka. Si kwa ubaya; ndivyo walivyo pale, mtu akianguka wanacheka kwanza, kisha wanamwinua. Mmoja akauliza kama kule Barcelona bahari huwa inafungwa kamba. Mwingine akamwita Leonor Bibi Maji-Yasiyotembea, na kabla ya saa tisa jina lilishafika mwisho wa ufuo na kurudi. Leonor alicheka nao mara moja. Kisha akaiona meza. Alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye ufa, na rangi ikamtoka usoni. Alimwambia Nieves maneno machache ambayo Obdulia hakuyasikia, akaondoka na viatu mkononi. Nieves alisema tu kwamba ni ubao, ubao ni ubao. Akakaa. Hakula cha mtu yeyote aliyemkaribisha.

Wiki iliyofuata Obdulia alipata kila kitu alichokitaka. Mwavuli ulirudi mikononi mwake, ubavu mmoja umepinda. Viti vikawa viwili. Leonor hakushuka ufuoni, hata siku moja. Alisema kichwa, halafu tumbo, halafu hakusema kitu. Siku ya Alhamisi tikiti lilipasuliwa, na kipande cha katikati kikaja kwa Obdulia kwenye ncha ya kisu kama zamani. Alikitia mdomoni akatafuna maji. Nieves alikuwa anatazama bahari, mdomo umefumbwa, na siku nzima hawakuwa wamesemezana maneno ishirini.

Ni Casilda aliyelifungua jambo, wala hakukusudia. Ijumaa alipita kugawa kadi za bingo, akasema bahati mbaya ilioje ile ya Jumapili, "na nilimwambia Obdulia, pale ukutani, maji yalikuwa bado kwenye vifundo vya miguu." Akaendelea na safari yake.

Nieves alikuwa akimenya pilipili iliyochomwa. Alimaliza ile aliyoishika, akaiweka kwenye bakuli, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Ulikuwa ukutani," akasema.

"Goti liliniuma."

"Sikuulizi goti."

Obdulia akasema kwamba alikuwa amemwambia. Jana yake, mbele ya watu, alimtegea kitendawili cha maji. Nafasi ya kujua alikuwa nayo. Alipoyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka hivyo, mchana kweupe, masikio yakamwaka moto.

"Obdulia," Nieves akasema, wala hakupandisha sauti. "Ningekuwa nakukasirikia kwa meza ningekutukana, yangekwisha. Meza itapigwa msumari. Yule je? Amerudi nyumbani uzeeni kutafuta mahali pa kukaa, na sasa anasema amekuwa mgeni hata kwa bahari aliyozaliwa nayo. Hatoki ndani."

"Nakuomba radhi, mwenzangu."

"Mimi usiniombe. Keshokutwa ninavuka. Nikivuka na wewe yeye akiwa amejifungia, chakula hakitashuka kooni. Nikivuka na yeye nikuache wewe, hakitashuka vilevile. Ngazi zake unazijua."

Akachukua pilipili nyingine. Mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Kesho yake, Jumamosi, saa tisa alasiri, saa ambayo pale hata paka hupisha watu walale, Obdulia alipanda ngazi za nyuma ya kanisa na kugonga mlango. Kugonga saa hiyo ni utovu wa adabu, na alijua. Lakini alijua pia kwamba akingoja saa inayofaa, miguu itamrudisha. Leonor alifungua amevaa gauni la ndani, karoti ya nywele imeanza kuacha mvi chini. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko la sahani moja na kile kiti chenye tundu la bilauri. Obdulia alitafuta ile dharau aliyoiona kitini, hakuipata. Kilikuwa kiti cha mtu asiye na wa kumshikia bilauri.

Alisema yote akiwa amesimama. Bamvua, kijitabu, neno lililogonga meno, ukuta, Casilda. Hakutaja goti.

Leonor alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Mwisho akauliza, "Kwa nini?"

Obdulia alikuwa ameandaa sababu tatu njiani. Zote zikatoroka.

"Anacheka na wewe," akasema. "Na mimi hachekagi hivyo."

Leonor aliketi kitandani.  Kisha akaeleza, taratibu, si kwa upole sana, kwamba tangu afike alikuwa akiwaangalia wao wawili wanavyozungumza: huyu anaanza sentensi, yule anaitikia kabla haijaisha, huyu ananyoosha mkono, chumvi imeshafika. Yeye na mume wake hawakufika hapo kwa miaka yote ile. "Wewe unadhani naongea hivi kwa sababu nina raha? Nikinyamaza pale kati yenu, mimi si kitu. Basi nabwabwaja."

Hawakukumbatiana. Obdulia aliuliza kama kesho atakuja gatini.

"Nitakuja. Kukusamehe bado. Usije ukachanganya mambo hayo mawili."

Obdulia akasema hatachanganya.

Tarehe tano ilikuwa Jumapili, anga safi, upepo wa magharibi mtamu. Nieves alivaa gauni la bluu na herini za mama yake. Walipoingia botini Obdulia alitangulia, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha ng'ambo ya njia, akaketi mwenyewe kabla hajaketishwa. Karibu naye alikuwa mzee mmoja wa Jerez, hakuwa na karanga ila alikuwa na mbwa. Wale wawili walikaa pamoja. Vichwa havikuegemeana, si sana. Kila vilipokaribia, Obdulia alihisi kitu kikimkwaruza chini ya mbavu, palepale pa siku zote. Alikuwa amefikiri kwamba mtu akishaungama, kitu kile huondoka. Hakikuondoka. Kilikuwa kimekaa naye, kikamsindikiza ghuba nzima.

Kule Puerto mambo ya chakula yana utaratibu wake: meza ziko nje, na kamba wanauzwa dirishani kwa kupimwa, unachukua namba, unasimama kwenye msururu mpaka uitwe. Lazima mmoja asimame na wengine washike meza, la sivyo meza inaliwa na watu wa Sevilla. Msururu siku hiyo ulizunguka kona. Leonor akainuka kwenda. Miaka yote walipokuja wawili, Nieves ndiye aliyeshika meza na Obdulia msururuni, na wakati wa kungoja haukuwa na uchungu kwa sababu meza ilikuwa kimya ikimngojea. Sasa alitazama mezani, akaona kitakachotokea akigeuza kisogo. Akasema, "Kaa, Leonor. Msururu ni wangu."

Alisimama kwenye jua na namba yake mkononi. Alikuwa bado yuko nyuma ya watu tisa alipokisikia: kile kicheko, cha meno yote nje, kikipanda juu ya sauti za mabilauri na watoto. Shingo yake ilitaka kugeuka. Akaikaza. Akasoma bei za kaa, akazisoma tena, akamruhusu mama mmoja mwenye mtoto ampite. Alipoitwa aliagiza kamba wakubwa wa watu watatu, na kaa mmoja, na akamwambia muuzaji awachague wa chini, wale wa moto.

Aliporudi na karatasi mbili zinazofuka mvuke, wale wawili walinyamaza. Hicho ndicho kilichouma kuliko kicheko chenyewe, kule kunyamaza. Aliweka kamba mezani, akaketi, akamega kichwa cha wa kwanza, akanyonya mchuzi wake kama inavyopasa. Ulikuwa mtamu. Akanywa mvinyo kidogo. Kisha akauliza walikuwa wanacheka nini.

Nieves na Leonor wakatazamana. Ilikuwa ni habari ya yule kasuku tena, sehemu yake ya pili. Leonor akaanza kuisimulia upya, kuanzia mwanzo, kwa ajili ya mmoja. Na kama ijulikanavyo, hadithi ya kuchekesha ikipashwa moto mara ya pili haichekeshi. Leonor alisahau jina la mwenye nyumba, Nieves akalidakia, akaliweka mahali pasipo pake. Ikabidi warudi nyuma, wabishane kama kasuku alikuwa wa kijani au wa kijivu. Obdulia hakuona cha kuchekesha hata punje. Alimenya kamba mnono, akamwekea Nieves kwenye sahani, maana ndiye mwenye siku. Akamenya wa pili, akamshika kwa mkia muda kidogo, akamwekea Leonor.

"Halafu?" akasema. "Kasuku akafanyaje?"